Kichwa Kimeanguka Mbele

Mwalimu Mkuu wetu wa sasa, kijana mwema asiyejua kupokea jibu la hapana, aliniomba niwaandikie kurasa mbili za "uzoefu" ninyi walimu mnaobaki kitengoni. Kurasa mbili! Hazitoshi hata kueleza namna ya kufungua lile kabati la chuma la majalada, ambalo mlango wake unataka unyanyuliwe kidogo kwa goti kabla hujazungusha ufunguo. Basi nimeandika nilivyoweza. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema habari za kazi, na habari za mtoto mmoja aliyeitwa Tunu, kwa sababu nimestaafu naye moyoni na sijapata mahali pa kumtua.

Wapya mnaonijua kwa jina la Mwalimu Gervas tu, jueni kwamba mimi ni Muha wa Kasulu na Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani tulisalimiana "Mwakeye" na kushikana mikono mpaka kwenye viwiko, na mtoto alisimama pembeni akasubiri wakubwa wamalize. Shikamoo kwangu lilikuwa neno la darasani: mwalimu anaingia, darasa zima linasimama, linapiga kelele moja, mwalimu anaitikia bila kumtazama yeyote. Nilikuja Ujiji nikiwa mwalimu wa Kiswahili, nikakaa miaka mingi nikisahihisha insha, na wala sikujua kwamba bado lipo jambo kuhusu salamu nisilolijua.

Serikali ilipotaka mwalimu wa kwenda kusomea elimu maalumu, wenzangu wote walikuwa na sababu za kubaki. Mmoja alikuwa na mama mgonjwa, mwingine alikuwa na shamba. Mimi nilikuwa nimechelewa kikao, nikakuta jina langu limeshaandikwa. Hivyo ndivyo nilivyopata wito wangu. Nikaenda chuoni, nikarudi na cheti, fimbo ya kupimia urefu, na maneno mapya mengi sana kichwani.

Siku ya kwanza ya kitengo chetu cha elimu maalumu naikumbuka vizuri. Darasa letu lilikuwa stoo ya majembe. Majembe yalihamishwa, harufu ikabaki. Kwenye mlango mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa, MAZEZETA. Nikachota maji nikaanza kusugua huku nikitukana kimoyomoyo. Mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni, akaninyang'anya kitambaa bila hata kujitambulisha.

"Niachie mimi, mwalimu. Watoto wanakuja, na wewe umelowa."

Huyo alikuwa Bi Mwajuma, mzaliwa wa Ujiji, aliyeajiriwa kuwa mlezi wa kitengo. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuwasafisha watoto, kuwalisha na kuwabeba. Alikuwa ameishia darasa la saba. Nakubali leo kwamba ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, ingawa nilimpa amri kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja na yeye akanijibu "Ndiyo, mwalimu" kila mara.

Watoto walikuja kumi na mmoja. Wawili walikuwa hawasikii, mmoja haoni, wengine walichelewa kuelewa, wengine miili haikuwatii. Vifaa hatukuwa navyo. Mnaoviona leo tulivitengeneza: zile fito za kujifunzia kutembea ni makasia mabovu tuliyopewa na wavuvi kwenye mwalo wa Kibirizi, na vizibo vya soda vya kuhesabia nilivikusanya mwenyewe kwenye maduka mpaka wauzaji wakanishangaa. Ule wavu wa dagaa uliojazwa mipira ya nailoni, ambao watoto hujifunzia kushika na kuachia, ulikuwa wazo la Bi Mwajuma. Mimi nilikuwa nimeandika barua kuomba kifaa cha aina hiyo, na barua bado haijajibiwa.

Lakini kazi niliyojitwika hasa ilikuwa ya maneno. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na chuoni nilikuwa nimegundua jambo lililoninyima raha: hebu tazameni lugha yetu ilivyowaita hawa watu. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Wote wamevishwa ki, kama kiti na kijiko. Kirundi nacho, na Waha wengi vivyo hivyo, husema ikimuga, yaani kilema, ngeli ile ile ya vitu. Nikanunua karatasi ya manila, nikachora mstari katikati. Kushoto nikaandika maneno yasiyotakiwa, kulia yanayotakiwa: asiyeona, asiyesikia, mwenye ulemavu wa viungo, mtoto mwenye mahitaji maalumu. Nikaibandika ofisi ya walimu, juu ya meza ya chai, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kuikwepa.

"Sasa, Gervas," aliniuliza mwalimu wa hesabu, mtu wa kejeli, "yule kipofu wako nikikutana naye nimwiteje?"

"Mwite kwa jina lake."

"Na kama silijui?"

"Muulize. Ana mdomo."

Ofisi ilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mkali kweli kweli. Baba mmoja alikuja na boti kutoka Kagunga, kambeba mwanawe mgongoni, akaniambia mlangoni, "Mwalimu, kile kitu nilichokwambia kwenye simu ndicho hiki." Nikamjibu, "Rudi nje uingie tena, useme umeleta mtu." Yule mzee, aliyelala pwani siku mbili akisubiri usafiri, alitoka nje, akaingia tena na mtoto wake mgongoni, akasema, "Shikamoo mwalimu, nimeleta mtu." Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Leo nikikumbuka jasho lake naona haya. Hakuwa anamdharau mwanawe. Mtu asiyempenda mwanawe halali naye pwani siku mbili.

Na maneno yenyewe, jamani! Haukupita muhula mmoja, nikasikia watoto wa madarasa mengine wanagombana bombani, mmoja amemwaga ndoo ya mwenzake, na mwenzake anamtukana, "Maalumu we!" Nilisimama pale na chaki mkononi. Neno langu la upande wa kulia, nililoliandika kwa wino wa kijani, lilikuwa limeshavuka mstari. Niliwachapa wote wawili, jambo ambalo halikusaidia kitu.

Tunu aliletwa mwaka ambao ziwa lilipanda likala nyumba za pwani. Alikuwa na miaka minane. Alikuwa na mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa: akili imo, lakini mwili hautii amri. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa, mikono ilikwenda itakako, na hakuwa na neno hata moja. Alikuja amefungwa mgongoni kwa bibi yake, Bibi Zena, mwanamke mwembamba wa mtaa wa zamani wa Ujiji, ambaye mgongo wake ulikuwa umeshapinda kwa kumbeba. Mama yake Tunu alikuwa amefariki. Shule mbili zilikuwa zimemkataa. Bibi alimweka kwenye mkeka, akamfuta mate kwa ncha ya ushungi, akamwambia, "Haya, mama, huyu ndiye mwalimu wako."

Na Tunu akafanya kitu. Akanitazama, akakaza uso wote, na kichwa chake kikaenda mbele mpaka kidevu kikagusa kifua.

Nilimshika kidevu nikakinyanyua. "Kichwa juu, Tunu," nikasema. Nikafungua daftari la uchunguzi, lile ambalo mtoto mpya huandikiwa kila kitu anachofanya na saa anayokifanya, nikaandika mstari wa kwanza kabisa wa jalada lake: "Saa 2:10. Kichwa kimeanguka mbele. Shingo dhaifu."

Chuoni tulifundishwa, na ni kweli, kwamba shingo ndiyo mlango. Mtoto asiyeshika kichwa hawezi kumeza vizuri, chakula kinaingia kwenye mapafu, na kifua kikishambuliwa ndiyo safari. Kwa hiyo niliamua shingo ya Tunu ndiyo itakuwa kazi yangu ya mwaka. Niliyaona matokeo mbele yangu. Angekaa wima, angekula bila kupaliwa, baadaye angejifunza kuonyesha picha kwa macho, na bibi yake angepumzisha mgongo. Sikuwa na nia mbaya hata punje, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kila asubuhi nilipomfikia, kichwa kilianguka. "Kichwa juu, Tunu." Nikakinyanyua. Nikaandika. Kumbe kikikaa juu baada ya hapo kilikaa vizuri tu, asubuhi nzima. Nililiona hilo, nikaliandika pia, na sikujiuliza. Siku moja walikuja wageni watatu wa elimu kutoka mjini. Nikaandika: "Wageni watatu. Kichwa kimeanguka mara tatu. Huchoka haraka mbele ya wageni." Niliiona sentensi hiyo kuwa ya kitaalamu.

Bi Mwajuma yeye alikuwa na mtindo wake. Akiingia asubuhi na ndoo yake, alimpitia Tunu kwanza, akaweka kiganja juu ya utosi wake, pale pale kichwa kilipokuwa kimeinama, akasema, "Marahaba, Tunu. Marahaba, mama." Tunu alicheka mpaka mate yakamtoka. Mimi nikaona mlezi anamharibia mtoto mazoezi. Kiganja kile kilikuwa kinakandamiza kichwa chini wakati mimi nakinyanyua juu! Nikavumilia wiki mbili, ya tatu nikapasuka.

"Bi Mwajuma, acha kumshika kichwa huyu mtoto. Unamrudisha nyuma."

"Mimi naitikia tu, mwalimu."

"Unaitikia nini? Hajasema kitu."

"Kasema, mwalimu."

Nilicheka. Nawaandikia hili kwa sababu nimeapa kuliandika. Nilicheka, nikamwambia, "Basi kama anasema, mfundishe na Kiingereza kabisa." Watoto wengine, hata wasioelewa, wakacheka kwa kuwa mwalimu kacheka. Bi Mwajuma akainama akaokota ndoo.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Hakumshika tena kichwa. Niliambiwa, wenzangu. Naomba lisije likasemwa kwamba sikuambiwa.

Kisha nikatengeneza kiti. Nilikwenda Kibirizi kwa fundi wa mitumbwi, mzee mwenye vidole vinane, nikamchorea ninachotaka. Alikichonga kwa mbao nzito zilizobaki kwenye boti la mtu, akakilainisha mpaka ukipitisha kiganja huoni mkwaruzo. Kilikuwa na egemeo la kichwa na mbawa mbili pembeni. Na mimi mwenyewe nikaongeza mkanda: mpira wa ndani wa baiskeli, nikaushonea kitambaa cha kanga usimkwaruze, ukapita kwenye kipaji cha uso na kufungwa nyuma. Tunu aliketi wima kama watoto wengine, akaona dirisha. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyejenga nyumba.

Siku nne za mwanzo alilia. Nilipomkaribia asubuhi alikuwa anavuta, anavuta, mishipa ya shingo imesimama, anapambana na ule mkanda, na macho yake yako kwangu. Nikaandika: "Anapinga kiti. Atazoea." Na alizoea. Wiki ya tatu hakuvuta tena. Mwezi wa pili nikamfungua mkanda kwa majaribio, nikasimama mbele yake. Kichwa kikabaki pale pale, wima. Alinitazama tu, macho makavu. Nikaandika: "Kichwa hakijaanguka. Vizuri." Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Wakaguzi walipokuja niliwaonyesha kiti, nikawaonyesha daftari, wakakipiga picha kiti.

Ijumaa moja Bibi Zena alikuja shuleni kabla ya sala. Alileta migebuka miwili imefungwa kwenye gazeti, akanisalimu, akauliza wazazi wangu, akauliza mvua ya Kasulu, akanishukuru kwa kiti. Nikajua ana jambo. Mtu wa Ujiji akiuliza mpaka mvua ya kwenu, jiandae.

"Mwalimu, ni jambo dogo. Nisije nikaonekana nalalamika. Mjukuu wangu kaacha adabu."

"Adabu gani, Bibi?"

"Kaacha shikamoo. Mwezi wa pili huu. Namsogelea asubuhi, ananitazama tu. Nikasema labda anaumwa. Haumwi, anakula. Lakini hanisalimu."

Nikatabasamu, kwa upole wa mtaalamu. "Bibi, Tunu hawezi kutoa shikamoo. Tunu hasemi."

"Haa! Mwalimu!" Aliniangalia kama nimesema jambo la aibu mbele za watu. "Asiyesema ndiyo asisalimu? Tunu wangu ana shikamoo tangu ana miaka minne. Nimemfundisha mwenyewe, mwaka mzima, namkalisha mapajani, namwinamisha kichwa, namwambia hii ndiyo shikamoo yako, mama, mdomo ukikataa kichwa kitasema. Mwaka mzima! Siku alipoinamisha mwenyewe nililia mpaka majirani wakaja. Na kwetu mtoto akiinama unamshika utosi, unaitikia. Basi anafurahi huyo! Mtu akipita mlangoni anasalimiwa, ombaomba anasalimiwa. Mtaa mzima unamjua kwa heshima yake." Kisha akauliza, "Hakukusalimu wewe, siku ya kwanza?"

Nikasema, "Alinisalimu, Bibi."

"Ukamwitikia?"

Bi Mwajuma alikuwa mlangoni anakamua kitambaa. Aliendelea kukikamua ingawa hakikuwa na maji tena. "Aliitikiwa, Bibi Zena," akasema. "Hapa mtoto hakosi kuitikiwa."

Nikauacha uongo ule ukae, kwa sababu ulinifaa. Bibi akaitika kwa kichwa, akaniachia samaki, akaenda zake. Nilibaki nimeshika gazeti lile mpaka likalowa.

Fikirini nilichokuwa nimefanya. Mtoto alikuwa na neno moja tu maishani. Lilimchukua mwaka kulipata. Alinipa neno hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nilimshika kidevu nikamrudishia. Aliyekuwa akimwitikia nikamkataza. Halafu nikalifunga kwa mpira wa baiskeli, na liliponyamaza nikaandika vizuri. Na wakati wote huo karatasi yangu ya manila ilikuwa ukutani. Nilijua majina yote yanayofaa ya hali ya Tunu, na nilikuwa sijawahi kumjibu salamu.

Siku hiyo hiyo nilikata ule mkanda kwa wembe. Jumatatu nilimfikia Tunu, nikapiga magoti mbele ya kiti, nikanyoosha kiganja juu ya utosi wake bila kuugusa, nikasubiri. Alinitazama. Nikasema, "Marahaba, Tunu." Hakuinama. Kwa nini ainame? Nikamwomba Bi Mwajuma naye aanze tena. "Ndiyo, mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia ndani ya neno hilo kitu ambacho labda kilikuwemo siku zote.

Bi Mwajuma ilimchukua wiki sita. Alimkalisha mapajani kama bibi alivyofanya, akamwambia maneno ya kwao ambayo sikuyafuatilia. Asubuhi moja niko kwenye kabati nikasikia "Marahaba! Marahaba, mama!" na kicheko cha Tunu, kile cha zamani. Nikageuka mbio, nikaenda, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono. Kicheko kikakatika. Akanitazama, kichwa wima kabisa, shingo imara. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba kwa mwalimu kichwa hukaa juu, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Nilijaribu kila siku ya shule, mpaka masika. Nyumbani alimsalimu bibi yake tena, niliambiwa, na mtaa wake. Mimi hapana.

Masika yale yalikuwa na baridi. Tunu alianza kukohoa Jumanne, Alhamisi hakuja. Kifua kilishikwa, akalazwa, na wauguzi walijitahidi. Nilikwenda Jumamosi na Bi Mwajuma. Alikuwa mdogo sana kitandani, mbavu zinafanya kazi kubwa. Bi Mwajuma alipoinama, kidevu cha Tunu kilisogea, kidogo tu, kuelekea kifuani. "Marahaba, mwanangu," Bi Mwajuma akasema, akamshika utosi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Sikusogea mbele. Niliogopa kumlazimisha achague. Alfajiri ya Jumatatu Bibi Zena alitutumia mtu kwamba Tunu katutoka.

Baada ya mazishi nilimfuata Bibi uani, alipokuwa amekaa na wanawake wenzake, nikaomba kusema naye. Nikamweleza yote: kidevu, kiti, mkanda, kicheko changu. Nilisema nikiwa nimesimama kama mtoto aliyevunja kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Mwajuma hajui kusema uongo, tangu utotoni mwake hajui. Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukunitukana, Bibi?"

"Ningekutukana, kisha nimpeleke wapi? Wengine walimkataa. Wewe ulimpokea." Akafuta macho kwa ushungi ule ule. "Lakini alikuja kwako na salamu, mwalimu. Kila siku alikuja na salamu." Akarudi kwa wenzake.

Baada ya hapo niliishusha karatasi ya manila. Msinielewe vibaya. Maneno yana kazi yake, na mtu akimwita mtoto zezeta mbele yenu msimwache aondoke hivi hivi. Lakini ukurasa wa kwanza wa kila jalada, juu ya jina la ulemavu, juu hata ya tarehe ya kuzaliwa, mtakuta mstari nilioongeza kwa mkono wangu kwa sababu fomu haina: "Anasalimuje?" Muulizeni mzazi hilo kabla ya mengine yote. Yupo wa kupepesa macho, yupo wa kupiga ulimi, kijana wetu wa Ilagala husalimu kwa kukuvuta mkono wa shati. Usipopata jibu usianze kazi. Bi Mwajuma alisimamia mstari huo mpaka alipostaafu yeye, na alipostaafu nilimwita mwalimu mbele ya watu wote. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," na ofisi ikacheka, na safari hii nilicheka nao.

Mwezi uliopita nilikabidhi majalada. La Tunu lipo rafu ya chini, kushoto. Mkilifungua mtakuta maandishi mekundu kila mahali. Msidhani mzee alichanganyikiwa siku za mwisho. Nilikaa nalo siku nzima na kalamu ya kusahihishia, nikaanza na saa 2:10 ya siku ile ya kwanza. Kila palipoandikwa "Kichwa kimeanguka mbele," pembeni yake nimeandika "Marahaba, Tunu." Pale palipoandikwa wageni watatu, nimeandika mara tatu, kwa niaba yao. Niliendelea hivyo ukurasa hadi ukurasa, mkono unaniuma, mpaka nikafika ule mwezi wa pili wa kiti. Kuanzia hapo mpaka Ijumaa ile ya Bibi Zena, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wangu mzuri, imeandikwa "Kichwa hakijaanguka. Vizuri." Kurasa hizo nimeziacha kama zilivyo. Hapakuwa na salamu ya kuitikia.